Kuunda na Kutathmini Shahada Mpya ya Uzamili katika Biashara: Nafasi ya Kiswahili katika Vigezo vya Ufaulu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi shahada mpya ya uzamili katika biashara inavyoundwa na jinsi inavyopaswa kutathminiwa katika vyuo vikuu vya Kenya. Tunadai kwamba swali la tathmini sharti liulizwe kabla ya kozi ya kwanza kuandikwa, na kwamba lugha atakayoitumia mhitimu kazini ni sehemu ya umilisi unaopimwa, wala si pambo la kuongezwa baadaye. Tunapitia kwanza historia ya shahada hii tangu ilipoanza nchini Marekani, kisha tunaeleza hatua za kuiunda, na hatimaye tunatoa mfano wa zoezi moja la tathmini linalohusu chama cha akiba na mikopo. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukuta humu makala kuhusu shahada ya biashara, kwa kuwa kurasa hizi aghalabu hushughulikia fasihi, isimu na ufundishaji wa lugha. Hata hivyo, biashara ni mojawapo ya nyuga ambazo Kiswahili kimezitumikia kwa muda mrefu zaidi. Lugha hii ilisafiri kutoka pwani hadi bara pamoja na misafara ya wafanyabiashara. Hata leo, katika masoko kama vile Kongowea jijini Mombasa na Gikomba jijini Nairobi, mnunuzi na muuzaji wasiojuana huanza kupatana bei kwa lugha hii. Ajabu ni kwamba biashara inapoingia chuo kikuu na kuwa somo la shahada ya uzamili, Kiswahili aghalabu huachwa mlangoni.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu uliotolewa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogondogo, ndogo na za kadiri zipatazo milioni 7.41. Kati ya hizo, zilizokuwa na leseni zilikuwa milioni 1.56 tu, ilhali milioni 5.85 zilizosalia hazikuwa nayo. Mhitimu wa uzamili anaweza kuajiriwa katika benki, kampuni ya bima, chama cha ushirika au serikali ya kaunti. Popote atakapokuwa, wenye biashara hizi ndio watakaokuwa wateja wake, wakopaji wake na walipaji wake wa ushuru. Je, shahada aliyopewa ilimpima uwezo wa kufanya kazi nao? Ikiwa haikumpima, ni kwa ushahidi gani chuo kinatangaza kwamba amehitimu kusimamia biashara katika nchi hii?

Hilo ndilo swali linaloongoza makala haya. Ili kulijibu, yafaa tuanze kwa kuangalia jinsi shahada yenyewe ilivyozuka na jinsi ilivyohukumiwa katika vipindi mbalimbali.

2.0 Historia Fupi ya Shahada na Tathmini Yake

Shule ya Tuck katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1900, ndiyo iliyotangulia kufundisha usimamizi wa biashara katika kiwango cha uzamili. Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua shule yake mwaka wa 1908, na ndicho kilichoipa shahada hiyo jina linalotumika hadi leo ulimwenguni. Chini ya Wallace Donham, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo kuanzia 1919 hadi 1942, Harvard ilitilia mkazo ufundishaji kwa njia ya visa. Mwanafunzi alipewa habari za kampuni iliyokumbwa na tatizo halisi, akatakiwa aamue la kufanya na kuutetea uamuzi wake mbele ya wenzake. Donham alikuwa amesomea sheria, taaluma ambayo tayari ilikuwa ikitumia njia hiyo.

Kufikia katikati ya karne ya 20, shule za biashara zilikuwa nyingi lakini sifa zao zilitiliwa shaka. Mwaka wa 1959 zilitolewa ripoti mbili zilizozitikisa. Ya kwanza iliandikwa na Robert Gordon na James Howell kwa ufadhili wa Wakfu wa Ford, na ya pili ikaandikwa na Frank Pierson kwa ufadhili wa shirika la Carnegie. Ripoti zote mbili zilisema kwamba viwango vilikuwa vya chini, kwamba kozi nyingi zilieleza tu desturi za kazi fulani, na kwamba utafiti ulikuwa haba. Shule ziliitikia kwa kuongeza hisabati, uchumi na sayansi za jamii.

Miaka 29 baadaye, mwaka wa 1988, Lyman Porter na Lawrence McKibbin walichapisha tathmini nyingine. Safari hii kasoro ilionekana upande wa pili: uchanganuzi wa tarakimu ulikuwa umepewa nafasi kubwa, ilhali mawasiliano, uongozi na uwezo wa kuunganisha maarifa ya kozi mbalimbali vilikuwa vimepuuzwa. Mwaka wa 2004 Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba usimamizi ni kazi inayokomaa kwa tajriba, na kwamba shahada hii huwafunza watu wasiofaa kwa njia zisizofaa.

Tunapozitazama hukumu hizi pamoja, jambo moja linabainika. Kila mara kasoro iligunduliwa baada ya maelfu ya wahitimu kwisha kuondoka chuoni. Shule hazikuwa na utaratibu wao wenyewe wa kujua mapema kile ambacho wanafunzi hawakijui. Kwa sababu hiyo, badiliko la mwaka wa 2003 lina uzito wa pekee. Mwaka huo AACSB, jumuiya ya shule za biashara iliyoundwa Marekani mwaka wa 1916 na ambayo huzipa shule hizo ithibati, ilizitaka zithibitishe ujifunzaji wenyewe. Haikutosha tena kuonyesha orodha ya kozi na shahada za wahadhiri. Shule ilitakiwa kutaja malengo yake, kupima moja kwa moja kama wanafunzi wameyafikia, na kuonyesha ilichokibadilisha baada ya kupima.

3.0 Hatua za Kuunda Programu

Katika nadharia ya mitaala, maswali ya Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyoyatoa mwaka wa 1949, bado yana manufaa. Tyler aliuliza mambo manne: elimu inakusudia nini, ni shughuli zipi zitakazotimiza kusudi hilo, shughuli hizo zitapangwaje, na tutajuaje kwamba kusudi limetimia. Wanakamati wengi huyajibu maswali haya kwa mfuatano huo, hivi kwamba la nne hufikiwa wakati wa kuandika mtihani. Sisi tunapendekeza kwamba swali la nne lijibiwe sambamba na la kwanza. Anayeandika lengo na aandike papo hapo ushahidi atakaoukubali.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi wa mahitaji. Kamati huwahoji waajiri, wahitimu wa awali na mashirika ya kitaaluma. Hapa ndipo upungufu wa kwanza hujitokeza, kwa maana waajiri wanaohojiwa mara nyingi ni wale wenye ofisi kubwa zinazojulikana. Viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, wenyeviti wa masoko na mafundi wa jua kali hawana budi kuhojiwa pia, na kwa lugha wanayoimudu.

Hatua ya pili ni kuandika matokeo ya ujifunzaji. Kitenzi kinachoteuliwa hapa ni muhimu. Tangu uainishaji wa Benjamin Bloom na wenzake wa mwaka wa 1956, walimu wametahadharishwa dhidi ya kuridhika na vitenzi kama vile ‘kuelewa’ na ‘kufahamu’, kwa kuwa matendo hayo hayaonekani. Vitenzi kama vile ‘kukokotoa’, ‘kulinganisha’, ‘kuamua’ na ‘kutetea uamuzi’ hutaja jambo ambalo mtahini anaweza kulishuhudia.

Hatua ya tatu ni kuchora jedwali la ulinganifu. Matokeo huandikwa katika safu wima ya kwanza na kozi katika mstari wa juu. Kila penye makutano huonyeshwa kama tokeo hilo linaanzishwa, linaendelezwa au linapimwa katika kozi hiyo. Faida ya jedwali hili ni kwamba mianya haiwezi kujificha. Chukua tokeo kama hili: ‘Mhitimu ataweza kuwaeleza wasio wataalamu hali ya fedha ya shirika lao.’ Ni rahisi kuliandika katika utangulizi wa mtaala, lakini mstari wake katika jedwali unaweza kubaki mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tokeo lisilopimwa popote ni ahadi tu.

Hatua ya nne ni idhini. Rasimu hutoka idarani, hupitia kitivoni na kwenye Seneti, kisha huwasilishwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012. Aidha, sheria ya mwaka wa 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu iliweka msingi wa viwango 10, ambapo shahada ya uzamili imo katika kiwango cha 9. Utaratibu huu ni wa lazima na una manufaa. Hata hivyo, unachokikagua wakati huo ni nyaraka, walimu na vifaa, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa. Ithibati ni mwanzo wa tathmini, si mwisho wake.

4.0 Kutathmini: Mfano wa Chama cha Akiba na Mikopo

Ushahidi wa tathmini ni wa aina mbili. Ushahidi usio wa moja kwa moja hutokana na hojaji za wanafunzi, idadi ya wanaojisajili na mishahara ya wahitimu. Gazeti la Financial Times, ambalo limekuwa likizipanga shule za biashara za ulimwengu kwa daraja tangu 1999, huupa mshahara uzito mkubwa. Takwimu hizo zina nafasi yake, lakini haziwezi kutueleza mwanafunzi anajua nini. Isitoshe, chuo cha Kenya kikitegemea mishahara peke yake, kitajikuta kikiwasifu wahitimu waliokwenda kwenye kampuni kubwa chache na kuwasahau wanaozihudumia zile biashara milioni 5.85. Ushahidi wa moja kwa moja hutokana na kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Tuangalie mfano wa zoezi linaloweza kuutoa.

Tuchukue chama cha kubuni chenye wanachama 400. Amana zao ni shilingi milioni 60. Mikopo iliyotolewa ni shilingi milioni 54, na kati ya hiyo, milioni 9 hazijalipwa kwa zaidi ya miezi 6. Hesabu za mwaka zinaonyesha ziada ya shilingi milioni 4.5, kabla ya kutenga chochote kwa ajili ya mikopo itakayopotea. Chama hakina hazina nyingine ya dharura. Wakurugenzi wanapendekeza ziada yote igawiwe wanachama. Mwanafunzi anatakiwa kufanya mambo mawili: kuwaandikia wakurugenzi ripoti ya kurasa 3, na kuwahutubia wanachama kwa Kiswahili kwa dakika 10, kisha ajibu maswali yao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milioni 9 ni sehemu moja ya 6 ya milioni 54, yaani takriban asilimia 16.7. Nusu ya deni hilo isipolipwa kabisa, hasara itakuwa milioni 4.5, ambayo ni sawasawa na ziada yote. Kwa wastani, kila mwanachama angepokea shilingi 11,250. Lakini ikiwa ziada hiyo kwa kweli haipo, fedha hizo zitachotwa kutoka kwenye amana za wanachama wenyewe.

Kazi ngumu inaanzia hapo. Ukumbini wameketi watu waliosubiri gawio mwaka mzima, wengine wakiwa wamekwisha kuahidi karo za watoto. Mwanafunzi atakayesimama na kusoma asilimia hatasikilizwa. Atakayesema, ‘Katika kila shilingi 6 tulizokopesha, moja haijarudi, na nusu ya hizo ambazo hazijarudi ikipotea, tutakachogawana leo kitakuwa akiba yetu wenyewe,’ amewapa wanachama jambo wanaloweza kulipima na kulipigia kura. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaweza kuongeza kwamba daftari ambalo mwenye mali hawezi kufafanuliwa yaliyomo halimkingi na upotevu huo.

Zoezi hili litasahihishwa kwa vigezo vinne: usahihi wa hesabu, ubora wa uamuzi, uwazi wa maelezo kwa wanachama, na uaminifu katika kutaja hasara. Kila kigezo kina ngazi nne zilizoelezwa kabla ya zoezi kufanywa. Mathalani, katika kigezo cha uwazi, ngazi ya 1 ni ya anayesoma tarakimu bila kuzieleza. Ngazi ya 2 ni ya anayeeleza baadhi ya hoja lakini kwa istilahi ambazo wanachama hawazijui. Ngazi ya 3 ni ya anayeeleza hoja kuu hivi kwamba msikilizaji anaweza kuirudia kwa maneno yake mwenyewe. Ngazi ya 4 ni ya anayefanya hivyo na pia kujibu maswali asiyoyatarajia bila kuficha lolote. Wahadhiri wawili, mmoja wa biashara na mmoja wa Kiswahili, watoe alama kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kwa zaidi ya ngazi moja, wakae pamoja na kuchunguza chanzo cha tofauti hiyo.

Kiwango cha kuridhisha nacho kitajwe mapema. Tuseme idara imeamua kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wafikie angalau ngazi ya 3 katika kila kigezo. Katika darasa la wanafunzi 30, hao ni 24. Iwapo 27 watafikia ngazi hiyo katika hesabu lakini 15 tu waifikie katika uwazi, lawama isielekezwe kwa wanafunzi pekee. Idara inapaswa kurudi kwenye jedwali la ulinganifu na kuuliza ni kozi ipi iliyowapa fursa ya kueleza fedha kwa Kiswahili kabla ya siku ya kupimwa. Matokeo ya mwaka wa kwanza yakirekebisha mafundisho ya mwaka wa pili, hapo ndipo tathmini imetimiza kazi yake.

5.0 Suala la Istilahi

Zoezi hilo haliwezi kufanyika vyema bila istilahi. Wanachama wengi wa vyama hivi nchini Kenya huziita fedha zao zote ‘hisa’, ingawa sehemu kubwa yake ni amana. Tofauti ni kubwa. Amana humrudia mwanachama anapojitoa chamani baada ya kulipa madeni yake, ilhali hisa ni mtaji wa chama ambao hauchukuliwi bali huhamishiwa mwanachama mwingine. Vilevile, hisa huzaa gawio, na amana huzaa riba. Anayeyachanganya maneno haya anaweza kupanga maisha yake kwa kutegemea fedha ambazo hawezi kuzitoa. Kosa la msamiati hapa linageuka kuwa hasara ya pesa taslimu.

Hali kadhalika, istilahi zilizopo hazijulikani kwa usawa kote Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, benki na vyombo vya habari hutumia ‘mikopo chechefu’ kwa mikopo isiyolipwa ipasavyo, istilahi ambayo Wakenya wengi hawajaizoea. ‘Mizania’ ni istilahi inayofaa sana kwa taarifa ya mali na madeni, kwani inahusiana na ‘mizani’, na kwa hiyo inadokeza kwamba pande mbili za taarifa hiyo sharti zilingane. ‘Dhima’ kwa maana ya madeni ya shirika na ‘ukwasi’ kwa maana ya uwezo wa kupata fedha taslimu kwa haraka zinahitaji kufafanuliwa kabla ya kutumiwa mbele ya hadhira ya kawaida. Mwanafunzi wa uzamili hahitaji kukariri orodha ndefu. Anahitaji kujua ni wakati gani atumie istilahi na ni wakati gani aieleze kwa maneno mepesi.

6.0 Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya mikataba mikubwa na ya masoko ya kimataifa. Hilo ni kweli, na hatupendekezi kiondolewe. Mwanafunzi wetu bado anawaandikia wakurugenzi ripoti, na anaweza kuiandika kwa Kiingereza. Tunachopinga ni dhana kwamba umilisi wa lugha moja watosha pale ambapo kazi inadai mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imezitaja lugha zote mbili kuwa rasmi.

Wengine watauliza kuhusu wanafunzi wa kigeni. Hao wapewe kozi ya awali na muda wa kutosha. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi wanachama 8 tangu Somalia ilipojiunga mwaka wa 2024, ina soko linaloanzia Bahari Hindi hadi mashariki na magharibi mwa Kongo. Mwanafunzi anayekuja kusomea biashara katika eneo hili hapotezi chochote kwa kujifunza lugha itakayomfungulia sehemu kubwa ya soko hilo.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: wahadhiri wengi wa biashara wenyewe hawajawahi kufundishwa taaluma yao kwa Kiswahili. Hili haliwezi kutatuliwa na vitivo vya biashara peke yake. Linatuhusu sisi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba historia ya shahada ya uzamili katika biashara ni historia ya kasoro zilizogunduliwa kwa kuchelewa. Tumeonyesha kwamba dawa yake ni kuandika lengo pamoja na ushahidi wake tangu mwanzo, na kwamba katika nchi yetu ushahidi huo haukamiliki bila Kiswahili. Kwa hivyo, tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, idara za Kiswahili ziombe kuwakilishwa katika kamati zinazounda programu mpya za biashara, kabla rasimu haijafika kwenye Seneti. Pili, wahadhiri wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa biashara katika kuandaa na kusahihisha angalau zoezi moja la aina tuliyoieleza. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu wahudhurie mikutano mikuu ya vyama vya akiba na mikopo, kwa idhini ya vyama hivyo, na kurekodi jinsi wanachama wanavyolizungumzia suala la fedha zao. Data hizo zitatuonyesha ni istilahi zipi zinazoeleweka, zipi zinazopotosha, na zipi ambazo bado hatuna. Kazi hiyo haihitaji kungoja mtaala mpya, kwani mikutano hiyo hufanyika kila mwaka.